Kuunganisha pakiti ya kemia na modeli ya tabianchi, hatua kwa hatua

Modeli nyingi za angahewa zinafanya kazi vizuri tu bila kemia. Ozoni inasomwa kutoka kwenye faili, methani ni namba iliyoandikwa kwenye mipangilio, na hakuna anayelalamika. Siku unapotaka ozoni ijikokotoe yenyewe kutokana na mwanga, moshi na joto, ndipo unapoileta pakiti ya kemia. Pakiti hiyo huingia kila chumba cha nyumba: usafirishaji kwa upepo, mvua, mionzi, uso wa nchi, hadi namna kazi inavyogawanywa kwa prosesa.

Utaratibu ulio hapa nimeufikia kwa kuumia. Kila safari washa kitu kimoja, na usisogee mpaka hicho kimoja kikupe jibu ambalo ulikuwa umeshalijua kabla ya kubonyeza kitufe. Mifano mingi ni ya CAM, yaani sehemu ya angahewa ya modeli ya dunia iitwayo CESM, kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo. Anayetumia modeli nyingine, kama WRF-Chem, UKCA au EMAC, atazitambua hatua hizihizi kwa majina mengine.

1. Jiulize: kemia ya nini?

Wapo wanaochukua orodha kubwa kuliko zote kwa sababu tu ipo. Kila gesi unayoiongeza lazima ibebwe na upepo katika kila kisanduku cha gridi, kila hatua ya muda, hata kama kiasi chake ni cha kupuuzwa. Orodha kamili ya troposfia (tabaka la chini la angahewa) na stratosfia (tabaka lililo juu yake) pamoja ina gesi zaidi ya 100, na modeli iliyobebeshwa zote hizo inakuwa nzito mara kadhaa kuliko ile isiyo na kemia.

Kama swali lako ni shimo la ozoni la Antaktika, unahitaji klorini, bromini, na mimenyuko inayotokea juu ya chembe za mawingu ya stratosfia, yale yanayojitengeneza joto likishuka chini ya takriban kelvini 195. Hidrokaboni za misituni hazina kazi huko. Kama swali ni ozoni karibu na ardhi, mambo yanageuka: isoprini na ndugu zake ndio wenye neno. Na kama unachotaka ni aerosoli (chembe ndogo zinazoelea hewani) za salfeti baada ya mlipuko kama wa Pinatubo mwaka 1991, basi dioksidi ya salfa, hidroksili na modeli nzuri ya aerosoli vinaweza kukutosha.

Katika CESM uchaguzi huu unafanywa pale unapounda kesi, yaani jaribio lenye mipangilio yake. FHIST inakupa CAM ya kawaida, ambamo aerosoli hutumia vioksidishaji vilivyosomwa kutoka kwenye faili. FCHIST inawasha kemia ya CAM-chem. FWHIST inakupeleka kwenye WACCM, toleo refu la CAM, ambayo paa lake linafika takriban kilomita 140, wakati paa la CAM ya kawaida liko karibu kilomita 40.

```
./create_newcase --case jaribio_kemia --compset FCHIST --res f09_f09_mg17
```

2. Tunza nakala ya modeli ikiwa haina kemia

Hatua hii hurukwa kuliko zote. Kabla ya kuongeza mstari wowote wa msimbo, endesha modeli ya asili kwa siku tano na uyatunze matokeo. Kisha ingiza pakiti ya kemia kwenye msimbo, lakini izime. Kompaili, endesha siku tano zilezile, linganisha mafaili. Majibu yanapaswa kufanana biti kwa biti. Tofauti kwenye tarakimu ya kumi na tano bado ni tofauti.

Zikitofautiana, pakiti yako si ya hiari, hata kama ina swichi yenye jina zuri. Mara nyingi mkosaji ni safu ya vifuatilizi (vitu vinavyobebwa na upepo wa modeli) iliyoongezwa ukubwa bila sharti, au sehemu iliyohamishwa mahali ili kupisha wito mpya, na hivyo mpangilio wa kujumlisha umebadilika. Irekebishe sasa hivi. Baadaye, kemia ikishawaka, hutaweza tena kujua tofauti gani imeletwa na kemia na ipi imeletwa na uzembe.

Kama ndiyo kwanza unabuni kiungo, uchunguze mpangilio wa MESSy, mfumo unaobeba kemia ya EMAC. Wao wametenga tabaka nne: modeli mama, kiungo chake, kiungo cha moduli, na kiini cha moduli. Kiini kinajua kemia tu. Hakijui gridi, wala idadi ya prosesa. Ukiweza kukitoa kiini chako na kukiendesha peke yake kwenye kompyuta ya mezani, umeshinda nusu ya vita, na hatua ya nne itakuonyesha kwa nini.

3. Andika orodha ya mimenyuko, uangalie alama

Siku hizi hakuna anayeandika milinganyo ya kemia kwa mkono ndani ya Fortran. Unaandika orodha ya mimenyuko kwenye faili la maandishi, halafu programu nyingine inaisoma na kuzalisha Fortran. CAM ina kichakataji chake. Wengine wengi hutumia KPP. Katika CAM orodha yako unaitambulisha hivi:

```
./xmlchange --append CAM_CONFIG_OPTS="-usr_mech_infile /njia/mimenyuko_yangu.in"
```

Kumbuka kwamba Fortran hiyo inazalishwa wakati wa kujenga. Ukigusa orodha ya mimenyuko, jenga upya kuanzia mwanzo. Ukigusa faili la utoaji wa gesi, huhitaji kujenga kitu.

Sasa tazama mmenyuko mmoja kwa karibu, ule wa oksidi ya naitrojini na ozoni. Katika orodha ya CAM unaandikwa hivi:

```
[NO_O3] NO + O3 -> NO2 + O2 ; 3.0e-12, -1500
```

Maana yake ni kwamba kasi ni 3.0e-12 mara namba e iliyopandishwa kwenye kipeo cha (-1500 gawa kwa joto). Kwenye kelvini 298 unapata takriban 1.95e-14, na kwenye kelvini 220, kule juu kwenye baridi, unapata 3.3e-15, yaani pungufu karibu mara sita. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye majedwali ya kasi, ambako namba hiyo ya pili kwa kawaida huchapwa 1500 bila alama ya kutoa, kwa kuwa alama iko tayari ndani ya fomula. Kazi za kasi za Arrhenius katika KPP nazo zinaitaka chanya. CAM inaitaka hasi. Ukinakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuigeuza, mmenyuko huo unakuwa na kasi zaidi ya mara 23,000 kwenye joto la kawaida. Modeli haitaanguka. Itaendelea kutoa ramani zenye rangi nzuri, na wewe utamaliza wiki ukijiuliza kwa nini ozoni inakwisha.

Dawa ni ya kizamani: chapisha kasi zote kwenye joto mbili, 298 na 220, uziweke kando ya jedwali ulikozitoa, uzipitie kwa macho. Saa mbili zitakutosha.

4. Jaribu kisanduku kimoja cha hewa

Hapa ndipo nawasihi watu wakae muda mrefu. Kiendeshe kiini cha kemia peke yake, kisanduku kimoja kisicho na upepo, mvua wala mawingu, kwa kisa ambacho unaweza kukitatua kwa kalamu.

Anza na usiku. Weka joto 298, shinikizo la usawa wa bahari, ozoni sehemu 40 kwa bilioni, oksidi ya naitrojini 10, na uzime mimenyuko mingine yote. Kwa kasi tuliyoiona hapo juu, molekuli ya oksidi hiyo inaishi kwa wastani sekunde 52 mwanzoni. Baada ya dakika kumi hivi karibu yote imeliwa: ozoni inakaribia 30, dioksidi ya naitrojini inakaribia 10. Jumla ya naitrojini ibaki 10 muda wote. Ikisogea, kitatuzi chako (msimbo unaotatua milinganyo ya kemia) kinavuja.

Kisha washa jua. Ipe fotolisisi (kuvunjwa na mwanga) ya dioksidi ya naitrojini thamani isiyobadilika, tuseme 0.008 kwa sekunde, ambayo ni ya mchana mkali. Sasa gesi tatu zinazungushana mpaka zitulie. Masharti ya kutulia ni kwamba oksidi mara ozoni, gawa kwa dioksidi, iwe sawa na 0.008 gawa kwa kasi ya mmenyuko. Kasi hiyo ukiibadilisha iwe kwa sehemu za bilioni ni takriban 0.00048, kwa hiyo uwiano ni karibu 16.7. Tatua mlinganyo huo wa kipeo cha pili na utapata oksidi ya naitrojini 3.3, dioksidi 6.7, ozoni 33.3. Kisanduku kikikupa namba hizi, una haki ya kukiamini. Kikikupa nyingine, usiguse modeli kubwa.

Jaribio hilo hilo linakufundisha kwa nini huwezi kutumia mbinu rahisi ya kusonga mbele. Hidroksili huishi kama sekunde moja, methani huishi takriban miaka 9, na hatua ya fizikia katika CAM ni sekunde 1800. Milinganyo yenye tofauti kubwa hivyo ni mikaidi. Kitatuzi cha wazi, kinachokokotoa hatua ijayo kutokana na hali ya sasa tu, kitalipuka, au kitakuomba hatua fupi kiasi cha kuigandisha kompyuta. Ndiyo sababu CAM inatumia mbinu fiche ya Euler, ambayo hutatua hali ijayo kwa mlinganyo, kwa gesi za maisha mafupi, na mbinu ya wazi kwa zile chache za maisha marefu, na ndiyo sababu watumiaji wa KPP hupenda vitatuzi vya Rosenbrock. Kama orodha yako inakutaka useme gesi ipi iko kundi gani, usibahatishe. Gesi ya maisha mafupi ikiwekwa kwenye kundi la wazi itageuka hasi baada ya hatua chache.

Na kuhusu hizo hasi: modeli nyingi huzikata na kuziweka sifuri kimyakimya. Kila ukataji huo ni kuumba masi kutoka hewani. Weka kihesabio kinachojumlisha kiasi kilichokatwa, na ukichapishe kila siku ya modeli.

5. Safirisha gesi zisizofanya kitu

Rudi sasa kwenye modeli kubwa. Sajili gesi zako zote kama vifuatilizi, lakini zima mimenyuko, utoaji na utuaji (gesi kutua ardhini). Jaza kila kisanduku thamani moja, tuseme 1e-9, uendeshe mwezi mzima. Thamani ibaki ileile kila mahali. Kukitokea michirizi karibu na ncha za dunia au juu ya milima mirefu, usafirishaji wako na shinikizo la uso havikubaliani, na kemia haitaponya hilo.

Hapa ndipo pia pa kuhakikisha vipimo. Upande wa mienendo ya hewa huwa na uwiano wa masi. Upande wa kemia hutaka uwiano wa ujazo, au molekuli kwa sentimita ya ujazo. Kwa ozoni unazidisha kwa 28.97 gawa kwa 48 ukiingia, na unageuza ukitoka. Uliza pia kama masi ya hewa inayotumika ni ya hewa kavu au yenye unyevu. Kwenye tropiki karibu na ardhi tofauti hiyo inafika asilimia mbili hivi, kiasi tosha cha kuharibu hesabu ya uhifadhi bila kuonekana kwenye ramani.

6. Utoaji wa gesi na utuaji

Kama ningeruhusiwa kuonya mara moja tu, ningeliweka onyo langu hapa. Kosa langu baya kuliko yote lilitokea kwenye faili la utoaji wa oksidi za naitrojini. Namba zilikuwa zimehesabiwa kama masi ya dioksidi, ambayo molekuli yake ina uzito 46, nami nikazibadilisha kana kwamba ni oksidi yenye 30. Nikawa nimeimwagia dunia naitrojini mara 1.53 ya ile iliyokusudiwa. Miezi kadhaa ya saa za kompyuta ilikwenda na maji kabla sijafungua kichwa cha faili na kusoma neno moja dogo lililokuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, kwa kila gesi, andika kwenye karatasi: faili linatoa kipimo gani, ni masi ya nini, na modeli inataka nini. CAM inataka molekuli kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Isoprini hutolewa mara nyingine kama masi ya kaboni tu, yaani 60 badala ya 68, na hiyo ni asilimia 13 ukikosea. Halafu jumlisha faili lote kwa mwaka na kwa dunia nzima, upate teragramu, na ulinganishe na jumla inayojulikana. Jumla hiyo uihesabu mara mbili: mara moja kutoka kwenye faili, mara ya pili kutoka kwenye matokeo ya modeli. Zisipofanana, kuna hesabu ya gridi iliyokosewa.

Katika faili la mipangilio la `user_nl_cam` mstari wenyewe ni mfupi:

```
srf_emis_specifier = 'NO -> /njia/no_uso.nc'
```

Usisahau kuchagua kama faili linarudia mwaka mmoja au linafuata kalenda. Na angalia usihesabu kitu mara mbili: kama modeli ya ardhi tayari inakokotoa isoprini ya mimea kwa MEGAN (modeli ya gesi zinazotolewa na mimea), iondoe kwenye faili.

Radi ni habari ya peke yake. Oksidi ya naitrojini inayozalishwa na radi duniani hukadiriwa kati ya teragramu 2 na 8 za naitrojini kwa mwaka. Modeli nyingi huikokotoa kwa fomula ya Price na Rind ya 1992, ambamo idadi ya radi juu ya nchi kavu inategemea kimo cha kilele cha wingu kikipandishwa kwenye kipeo cha 4.9. Kilele kikizidi kwa asilimia 10 tu, radi zinazidi kwa karibu asilimia 60. Ukibadilisha ukubwa wa gridi au mpango wa mawingu, rekebisha kizidisho cha radi upya. Katika CAM kinaitwa `lght_no_prd_factor`.

Utuaji mkavu na kuoshwa na mvua huwa na orodha zao za gesi. Asidi ya naitriki ikisahaulika kwenye orodha ya mvua, itarundikana troposfia yote.

7. Masharti ya mwanzo na muda wa kutulia

Usianze na sifuri. Chukua hali ya mwanzo kutoka kwenye safari nyingine yenye kemia ya aina moja, na kwa gesi mpya ambazo hazimo weka kiasi kidogo. Methani, oksidi ya naitrasi na klorofluorokaboni zifungwe kwa thamani za uso zinazosomwa kutoka kwenye faili. Ukitaka methani itulie yenyewe kutokana na utoaji, jiandae kusubiri miongo. Troposfia inatulia ndani ya mwaka mmoja hivi. Stratosfia inahitaji zaidi, kwa sababu hewa huchukua miaka kadhaa kuzunguka huko.

Wakati inatulia, fuatilia namba tatu. Wastani wa ozoni kwenye safu nzima uwe karibu vipimo 300 vya Dobson. Hidroksili ya troposfia iwe karibu molekuli milioni moja kwa sentimita ya ujazo. Umri wa methani mbele ya hidroksili uwe kati ya miaka 8 na 11. Modeli nyingi zinaegemea upande wa chini wa umri huo, kwa hiyo usishtuke ukipata 8.5. Ukipata 5, shtuka.

8. Sasa iunganishe na mionzi

Mpaka hapa mionzi bado inasoma ozoni ya faili. Hilo ni la makusudi. Kemia iendeshwe mwaka mzima hivyo, na hali ya hewa ibaki sawasawa na ile ya modeli isiyo na kemia, ilimradi aerosoli na mvuke wa maji navyo havijaunganishwa. Ndipo ubadilishe. Katika CAM mabadiliko yako kwenye `rad_climate`, ambako 'N:ozone:O3' ina maana ya ozoni iliyosomwa, na 'A:O3:O3' ina maana ya ile inayosafirishwa na modeli. Lazima iwe moja kati ya hizo.

Ukishaunganisha, hali ya hewa itaachana na ile ya mwanzo ndani ya wiki chache, na kulinganisha siku kwa siku hakuna maana tena. Una njia mbili. Ama uendeshe miaka mingi na kulinganisha wastani, ama uuvute upepo wa modeli ufuate upepo uliochambuliwa kutoka kwenye vipimo halisi, kisha ulinganishe kemia peke yake. Mimi huanza na ya pili, kwa kuwa inatoa jibu ndani ya mwaka mmoja wa modeli. Angalia hasa stratosfia ya chini ya tropiki: ozoni ikikosewa pale, joto linakosewa, na joto likikosewa, mvuke wa maji unaopanda juu unakosewa pia.

9. Kuanzisha upya, prosesa na spidi

Endesha siku kumi mfululizo. Kisha endesha tano, simamisha, anzisha upya, malizia tano. Majibu yafanane biti kwa biti. Pakiti za kemia hufeli hapa mara nyingi, kwa sababu gesi za maisha mafupi au hatua ya mwisho ya kitatuzi hazikuandikwa kwenye faili la kuanzishia. Rudia jaribio kwa idadi tofauti ya prosesa.

Spidi iache mwisho. Ukiipima, utaona kwamba visanduku vilivyo kwenye mstari wa mapambazuko na machweo vinachukua muda mrefu kuliko vingine, hasa kwa kitatuzi kinachojichagulia urefu wa hatua, kwa kuwa hapo ndipo hidroksili inabadilika haraka zaidi. Prosesa moja ikipewa eneo lote la machweo, zilizobaki zitaisubiri. Igawe kazi ili kila prosesa ipate nguzo za hewa za mchana na za usiku, kisha ndipo ufikirie kupunguza usahihi wa kitatuzi.

Kila safari ikimalizika, nakili orodha ya mimenyuko iliyotumika na uiweke ndani ya folda ya matokeo. Jina la faili halitoshi. Nimewahi kuwa na mafaili manne yenye jina moja na kasi tofauti.